Mchezo Uliokuja na Karakana Yake

Michezo ya kompyuta imekuwa chanzo cha mabishano nyumbani kwetu. Mtoto huomba fedha za kumnunulia mhusika wa mchezoni vazi jipya, vazi ambalo hakuna atakayelivaa, nasi wazazi hukataa, au hubishana wenyewe kwa wenyewe iwapo tukatae. Katika hali hiyo ndipo tulipowafungulia watoto mchezo wa mwaka 1991 uitwao ZZT.

Walicheka. Kila kilichomo ni herufi au alama: mchezaji ni uso mdogo unaotabasamu, simba ni omega ya Kigiriki, chui milia ni pai. Unakusanya vito na funguo, unafungua milango, unawakwepa wanyama. Haikupita saa moja wakauchoka. Hapo tukawaambia wabonyeze herufi E.

Mtungaji wake, Tim Sweeney, alikuwa kijana wa chuo kikuu huko Maryland, Marekani. Alianza kwa kuunda programu ya kuandikia tu. Baadaye ile alama inayoonyesha mahali pa kuandika akaigeuza kuwa kiumbe kinachotembea, na baadhi ya herufi zikawa kuta za kukizuia. Yaani karakana ilitangulia mchezo, na alipoutoa mchezo hakuifungia karakana: kila aliyeupata alipata na vifaa vya kujengea dunia yake, pamoja na lugha fupi ya kuviamuru vitu vitembee na viseme. Sehemu ya kwanza watu walinakiliana bure. Aliyetaka zilizosalia alituma fedha kwa posta. Baba yake Sweeney aliendelea kuwapelekea wanunuzi diski hadi mwaka 2013 (wazazi wana subira!). Wachezaji nao walimtumia dunia walizozijenga, naye akakusanya zilizo bora katika toleo liitwalo Best of ZZT.

Binti yetu wa miaka kumi hakujenga pango wala ngome. Alijenga nyumba ya bibi yake, ile iliyouzwa baada ya msiba ili warithi wagawane. Mwembe ni herufi za kijani. Barazani ameweka alama moja nyeupe. Ukiigusa inauliza umeshakula, na ukiigusa tena inauliza vilevile, kama alivyokuwa marehemu. Amri ile aliiandika mwenyewe, ikakataa mara kadhaa, akairekebisha bila kumwita mtu.

Tangu hapo jioni zetu zimebadilika. Watoto wanatuuliza vyumba vilikuwa vingapi, nani alilala wapi, kwa nini ghala lilifungwa daima. Baadhi ya majibu hatukuwahi kumpa yeyote, na vazi la mchezoni halijawahi kutuulizia lolote.

Kuhusu kisima bado hatujaafikiana. Mmoja wetu anashikilia kilikuwa nyuma ya jiko, mwingine anasema karibu na mwembe. Binti ameacha nafasi mbili tupu, anatusubiri.