Kamba za Jambiani

Ukifika Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakitoka utaona marundo ya mawe ufukoni. Chini yake yamezikwa makumbi ya nazi. Hukaa humo kwa miezi kadhaa mpaka yalainike. Kisha akina mama huyafukua, huyaponda na kusokota kamba.

Kamba za makumbi zimetumika tangu zamani katika vyombo vya baharini. Kamba inayopandisha foromali na tanga huitwa henza. Henza ikikatika, foromali huanguka. Mtu anaweza kuumia, na chombo hakiendi tena.

Basi, kabla ya kutoka, ikague henza yako. Itazame hasa pale inaposuguana na mlingoti. Fungua nyuzi kidogo utazame ndani. Zikiwa zimeoza, badilisha kamba yote. Usiunge kipande, kwa sababu fundo hupunguza nguvu ya kamba.

Je, ununue kamba nene kiasi gani? Chukua kipande cha ile ya zamani ukapime. Ukipunguza unene kwa nusu, nguvu hubaki karibu robo tu. Lakini kamba nene mno haipiti katika kapi.

Kamba hununuliwa tena. Uhai haununuliwi.