Vikombe Vinne Bila Majina

Hapa Nakivale ukitaka kusikia kelele, uliza pombe ya ndizi ya wapi ndiyo tamu. Sisi wa Kivu tutasema kasiksi. Warundi watasema urwarwa, Wanyarwanda urwagwa, na wenyeji wetu wa Isingiro watasema tonto, halafu wote watacheka wengine. Tumebishana hivyo miaka na miaka na hakuna aliyewahi kutoa ushahidi.

Kilichotuamsha ni habari ya Wazimbabwe wanne. Walikimbia kwao wakaenda Afrika Kusini, wakapata kazi kwenye mahoteli, na huko ndiko walikojifunza divai. Mmoja wao, Joseph Dhafana, aliwahi kuosha vyombo. Mwaka 2017 walikwenda Ufaransa, jimbo la Burgundy, kwenye mashindano ya dunia ya kuonja divai bila kuona chupa. Unapewa glasi 12, unatakiwa useme ni zabibu gani, nchi gani, mwaka gani, nani aliitengeneza. Wakawa wa 23 kati ya timu 24. Mwaka uliofuata wakarudi, wakawa wa 14. Mwenzao Tinashe Nyamudoka sasa ana divai yake mwenyewe inayoitwa Kumusha, yaani nyumbani, kwa Kishona.

Tukasema: kama wao waliweza kuonja divai za Wazungu, siye tunashindwa kuonja za kwetu?

Basi tukachanga. Tukanunua jerikeni nne za lita tano kwa akina mama wanne, kila mmoja wa kwao. Mwenzetu mmoja mlokole, ambaye hanywi kabisa, akashika daftari na kumimina nyuma ya pazia. Vikombe vikawekwa namba kwa mkaa. Tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na mzee mmoja wa Masisi ambaye hakualikwa, alisikia tu harufu.

Wanaoonja kwa kazi wanaangalia rangi kwanza, wananusa, wanachukua kidogo, wanazungusha mdomoni, halafu wanatema. Hapo kwenye kutema tukagombana. Nani ateme kitu kilichonunuliwa kwa hela, na tangu 2023 chakula kilipogawiwa kwa makundi wengine wetu hatupewi hata kilo ya unga? Tukakubaliana kwamba anayetaka kutema ateme. Hakuna aliyetema.

Shida ya pili ilikuwa maneno. Mmoja alikuwa na orodha kwenye simu, majina ya ladha za divai, lakini nusu yake ni matunda ya Ulaya ambayo hatujawahi kuyatia mdomoni. Tukaiacha. Tukasema vile tunavyojua: moshi wa mtama uliokaangwa, ganda la ndizi iliyoiva mpaka ikawa nyeusi, maji ya mvua yaliyopita kwenye bati. Mtu akisema "bati", kila mmoja anarudia kikombe, anatikisa kichwa, kweli bati.

Matokeo yalikuwa aibu. Kati ya watu kumi na mmoja, wawili tu walitambua pombe ya kwao. Wengine tuliisifu ya jirani na kuitukana ya mama zetu.

Halafu mzee. Alishika kikombe namba tatu, akafunga macho, akakaa kimya muda mrefu mpaka tukadhani amelala. Akasema, "Hii ni ya kwetu. Ya Masisi kabisa. Hata mukinifunga macho." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mwenye daftari akasoma: namba tatu, urwagwa, ya mama Mnyarwanda wa njia ya pili.

Hakuna aliyecheka. Kwenye kambi hii kuna watu ambao tunajua walikimbia nini na walimkimbia nani, na mzee ni mmoja wao. Alitazama kikombe. Akauliza, "Huyo mama anaikala fasi gani?" Hatukujua anauliza kwa hasira au kwa nini. Hata hivyo tukampeleka kesho yake, wanne wetu, kwa wasiwasi.

Mama alikuwa anakaanga mtama. Akatuonyesha kazi yote, kwa sababu mzee alianza kuuliza na hakunyamaza. Ndizi zinafukiwa shimoni siku kadhaa kwenye joto, zimefunikwa majani, mpaka ziive. Zinamenywa, zinakandwa pamoja na nyasi ili juisi itoke safi, inachujwa, inaongezwa maji. Halafu unga wa mtama, ambao unaleta chachu na rangi. Inafunikwa, inakaa. "Wanangu," akasema, "siku ya kwanza ni ya watoto, ya pili ni ya watu wazima, ikipita ya tatu ni ya walevi." Baada ya hapo hewa inaigeuza siki. Divai ikizibwa vizuri inakaa chupani miaka, ndiyo maana Wazungu wanauliza ni ya mwaka gani. Ya kwetu haina mwaka, ina siku tu.

Kumbe zote nne zinapikwa namna moja. Tofauti ni maji, siku, na mtama umekaangwa kiasi gani. Yeye anaukaanga mpaka uwe mweusi kidogo. Mzee akasema mama yake naye alikuwa anauunguza hivyo, na watu walikuwa wanamsema. Mama akasema na yeye wanamsema.

Wenzetu wa mashirika wakisoma hapa wasifikiri tunasifu ulevi. Tunaona kila wiki vile waragi inavyomaliza rafiki zetu. Lakini mama huyu analipa ada ya watoto watatu kwa hilo pipa lake la plastiki, na tungependa mtu amsaidie kupata vyombo safi kabla hajafukuzwa sokoni.

Mzee sasa anakwenda kwake kila Jumamosi na kopo lake. Analipa kama wengine. Mwezi ujao tunaonja tena, na yeye anataka safari hii aweke kikombe cha tano, alichokipika mwenyewe. Tumemwambia kwanza ajifunze kukaanga mtama.