Jinamizi Lililonikaba

Usiku mmoja nyumbani Nyalenda niliamka, lakini mwili ulikataa. Macho yalikuwa wazi, kifua kizito, na kivuli kimesimama mlangoni. Nilitaka kumwita nyanya, sauti haikutoka.

"Huyo ni jajuok," nyanya alisema asubuhi. Basi nikaogopa kulala, nikawa nakesha na vitabu. Kumbe ndiyo nikazidi kukabwa!

Mwalimu wa Bayolojia alinieleza: tunapoota, ubongo hulegeza misuli ili tusirukeruke kitandani. Akili ikiamka kabla ya mwili, unaganda sekunde au dakika chache. Kukosa usingizi, wasiwasi na kulala chali huchangia. Lakini wenzangu, anayezidiwa na usingizi mchana kila siku amwone daktari. Huenda ana nakolepsia.

Siku hizi nalala saa nne. Nyanya bado ananiombea, nami naitikia amina.