Salfa Sita

Wapo wenzangu katika jukwaa hili la vijana wanaodai kwamba mtunzi wa riwaya hana shughuli na fizikia. Eti tuandike mapenzi na visa vya mtaani, hayo mengine tuwaachie wa vyuoni. Mimi niliyeishia kidato cha nne nawakatalia, na sababu yangu ni mdogo wangu.

Mdogo wangu ana selimundu. Ugonjwa huo, ndugu msomaji, chanzo chake ni badiliko dogo mno: katika mnyororo wa hemoglobini wenye asidi amino 146, ile ya sita si yenyewe. Moja tu! Lakini maumivu yakimshika usiku, nyumba nzima hailali. Mhudumu mmoja aliwahi kumwambia mama eti mtoto anadeka, kwa kuwa hakuona jeraha wala uvimbe. Nilitaka kumwingiza mtu wa namna hiyo katika riwaya yangu. Nikaona kwanza nijue: kitu kidogo namna hiyo, wataalamu walikionaje?

Kumbe hawakukiona kwa macho. Protini huachwa ijipange iwe fuwele, mfano wa chembe ya chumvi, kisha hupigwa eksirei. Upande wa pili hutokea madoa maelfu. Ukali wa kila doa hupimika. Lakini wimbi lililoleta doa lile, lilitangulia au lilichelewa? Hilo halibaki kwenye kipimo. Ndiyo awamu hiyo, na bila awamu huchori kitu. Max Perutz aliianza hemoglobini mwaka 1937 pale Cambridge, Uingereza. Mwaka 1953 akapata njia ya kubandika atomi nzito za zebaki ili zimwelekeze, na picha ya kwanza ikapatikana 1959. Miaka 22! Na zebaki yenyewe, kwa taarifa yako, ilishikamana na salfa iliyomo ndani ya protini.

Salfa hiyo ndiyo iliyonikamata. Mwaka 1981 wataalamu wawili wa Marekani, Wayne Hendrickson na Martha Teeter, waliichora krambini, protini ndogo ya asidi amino 46. Hutoka katika mbegu za Crambe abyssinica, mmea wa ukoo wa kabichi ambao jina lake linataja Uhabeshi. Hawakubandika zebaki wala nini. Walitegemea atomi sita za salfa, zile zile ambazo protini ilizaliwa nazo.

Hebu tulia hapa, maana ndipo penye utamu. Madoa huja mapacha, na kwa kawaida pacha hulingana. Lakini elektroni za ndani za salfa haziitawanyi eksirei kama wenzake wanavyofanya. Wimbi linalotoka kwake husogea kidogo, na pacha mmoja akamzidi mwenzake. Kwa kiasi gani? Kwa wastani, sehemu moja au mbili katika mia! Kipimo kikiyumba kidogo tu, tofauti hiyo imezama. Kutokana nayo walizipata salfa zote sita zilipokaa. Hata hapo kazi haikwisha, kwani kila doa lilitoa majibu mawili, ikabidi wachague lile lililokaribiana na awamu za salfa zenyewe. Tusisahau pia kwamba fuwele za krambini zilikuwa nzuri ajabu. Fuwele mbovu zingewaumbua.

Ilichukua muda njia hiyo kuzoeleka. Mwaka 1999 Zbigniew Dauter na wenzake walionyesha kwamba inafaa hata kwa lisozimu ya ute wa yai la kuku, yenye asidi amino 129 na salfa kumi, mradi upime kwa makini na upime tena na tena.

Nilimsimulia mdogo wangu haya siku aliyokuwa na nafuu. Akanikatiza: "Sasa kaka, walipima mara ngapi ndo wakaamini?"

"Mara nyingi," nikamjibu. "Doa lile lile, halafu wanatafuta wastani."

"Yule wa sindano hata mara moja hakunipima."

Sikuwa na la kusema. Akauliza kama mbegu hizo zinaliwa. Nikamwambia hapana, hukamuliwa mafuta ya viwandani, akasema basi hazina faida kwake, nimpe maji.