Vilima vya Batsinda Vilinirudishia Usingizi

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa hapa Kigali, mtaa wa Biryogo, kule Nyamirambo ambako Kiswahili kimezoeleka mitaani tangu enzi za babu zetu, nikaolewa na kuhamia huku Batsinda. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wanaokesha usiku wakidhani wamerogwa au akili zao zinaharibika. Mimi pia niliwahi kudhani hivyo.

Usingizi wangu ulikatika mwaka 2020. Watu walipoamriwa kubaki nyumbani kwa sababu ya korona, Machi 21, nilikuwa na mishanana, nguo zetu za harusi, mezani, mingine imekatwa, mingine inasubiri pindo. Harusi ziliahirishwa, kodi ya kibanda haikuahirishwa. Nikaanza kuzinduka saa nane za usiku nikipiga hesabu. Mei tulipoanza kutoka tena, kazi ilirudi kidogo kidogo, madeni yakalipwa, lakini saa nane ya usiku iliendelea kunikuta macho. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana sasa hapakuwa na sababu ya kuilaumu. Kila jioni, nikikunja nguo za watoto, moyo ulianza kwenda mbio kwa kuuhofia usiku. Nilikunywa maziwa ya moto, nilisoma Ayatul Kursiy, nilihamia chumba cha watoto. Kulikucha sijapata hata lepe la usingizi.

Jirani yangu ni bibi aliyehamishwa kutoka Kiyovu, miongoni mwa familia za mwanzo kuletwa hapa Batsinda mwaka 2008 kwenye nyumba walizojengewa. Kule aliishi karibu na mjini, na maisha yake yote alikwenda vibaruani kwa miguu. Siku moja aliniangalia nikipiga miayo kwenye cherehani, akasema, "Mwanangu, wewe umechoka macho na mgongo. Miguu yako haijachoka. Itachokaje, na umekaa tangu asubuhi?"

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, akanichukua. Tulipanda njia ya Kagugu, tukarudi. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na haina njia tambarare ya kumdekeza mtu. Ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka. Nilihema. Bibi alikuwa akiongea, mimi sina pumzi ya kumjibu.

Usiku ule sikulala. Wala uliofuata. Na hili nalisema kwa mkazo, kwa sababu wengi huacha hapa hapa. Binti yangu, anayesomea uuguzi, ndiye aliyenizuia nisikate tamaa. Alinieleza utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa mwaka 1997: watu wazima waliokuwa wakilala vibaya walifanya mazoezi ya wastani kwa wiki 16, na mwisho wake walikuwa wakipata usingizi haraka na kulala kwa muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakufanya. Wiki 16, Mama, akasema, si siku mbili. Akaniambia pia kwamba kadiri mtu anavyokaa macho na kuutumia mwili, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na kuuletea uzito wa usingizi, na kwamba mwanga wa asubuhi ukiingia machoni huipanga saa ya mwili ijue usiku utaanza lini. Nami nilikuwa nikishinda kwenye kibanda chenye giza, nimekaa. Mwili wangu ungejuaje kwamba mchana umepita?

Kazi ngumu haikuwa kilima, ilikuwa saa ya kuamka. Tangu Mei 2016 Jiji la Kigali hufunga baadhi ya barabara kubwa asubuhi za Jumapili zilizopangwa, watu wakafanya mazoezi bila magari, na wahudumu wa afya hupima presha na sukari bure. Nesi aliyenipima pale aliniuliza naamka saa ngapi. Nilipomwambia kwamba nikikesha nalala hadi saa tatu asubuhi ili nifidie, alitikisa kichwa. Amka saa ile ile, akasema, hata kama umelala kwa saa mbili tu; na usingizi ukikataa usiku, toka kitandani, ukae mahali pengine hadi macho yawe mazito.

Jamani, hilo lilinitoa machozi. Kuna alfajiri nilizotembea kama mtu aliye kwenye mang'amung'amu, nimeshika mkono wa bibi. Lakini ndilo lililofungua njia. Usingizi hauamrishwi; unaweza kulala kitandani na kuubembeleza hadi kuche. Kuamka na kutembea, hayo niliweza kuyaamuru mwenyewe, hata siku nilizokuwa hoi. Nilipopata kitu cha kushika asubuhi, hofu ya jioni ikaanza kulegea, na hofu ilipolegea nikalala. Hakuna siku ninayoweza kuitaja kuwa ndiyo siku nilipopona. Kuna tu asubuhi binti aliniuliza nililala saa ngapi, nami nikawa sijui.

Simwambii kila mtu kwamba miguu itamtosha. Anayekoroma hadi pumzi ikakatika, aende hospitali. Na hapa Rwanda wako ambao usiku wao una sababu nzito kuliko kodi ya kibanda, hasa inapofika Aprili, tunapowakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari. Bibi ni mmoja wao. Yeye humwona mshauri wa kituo cha afya, na katika majuma hayo tunatembea taratibu zaidi, akitaka kuongea anaongea.

Siku hizi tuko wanawake kadhaa, mmoja ni muuza mboga, mwingine ana watoto wadogo na huja akiwa na mmoja mgongoni. Usiku mbaya bado hunijia mara moja moja. Nainuka, napiga pasi nguo za wateja, narudi. Anayetaka kujiunga nasi aje: tunaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mvua isiponyesha, na tunakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma.