Kutoka M-WA Hadi A-WA

Mwandishi wa kumbukumbu hii alisoma sarufi ya Kiswahili Mombasa, enzi ambazo ngeli zilikaririwa kwa maumbo: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA, N-N, U-N. Darasa zima liliitikia kwa sauti moja, mtu watu, mti miti, kiti viti, na aliyesita alirudishwa mwanzo. Hakuna aliyeuliza kwa nini kiongozi, anayeanza na ki- kama kiti, husemwa "amefika" wala si "kimefika".

Insha za uainishaji nazo ziliandikwa vivyo hivyo. Ukiambiwa uainishe vyombo vya baharini, ulikusanya majina yote uliyoyajua na kuyapanga katika aya. Mtumbwi ulipata aya yake, ngalawa yake, jahazi yake, feri ya Likoni yake. Lugha ilikuwa tamu na methali hazikukosekana. Lakini msomaji hakuambiwa popote kwa nini vyombo hivyo vimetengwa namna ile na si namna nyingine, na hilo ndilo hasa swali ambalo insha ya aina hii huandikwa ili kulijibu.

Miaka ilipita, akarudi darasani akiwa mwalimu. Vitabu vya shule vya Kenya sasa vilizitaja ngeli kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na nyinginezo. Baadhi ya walimu waliomtangulia walinung'unika kwamba watoto wanachanganywa. Yeye aliyapokea mabadiliko hayo kwa furaha, kwa kuwa aliona yamempa mfano bora wa kufundishia insha kuliko wote aliowahi kuupata: nomino zilezile, zimegawanywa mara mbili, kwa vigezo viwili tofauti.

Na kumbe si mara mbili tu. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek alizipa namba ngeli za lugha za Kibantu, umoja peke yake na wingi peke yake, hivyo mtu yumo katika ngeli ya 1 na watu katika ngeli ya 2. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa misheni ya UMCA Zanzibar, alichapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, akauweka umoja na wingi pamoja na kupata makundi manane. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alitazama pia dhana iliyo nyuma ya umbo, kama vile udogo katika KI-VI na ukubwa katika JI-MA. Watu hawa hawakutofautiana kuhusu Waswahili wanavyosema. Kila mmoja aliziendea nomino na swali lake, na idadi ya makundi ikafuata swali.

Ubaoni aliandika maneno machache: kiti, kiongozi, kiboko, mti, mtume, waziri, ua. Kwanza wanafunzi waliyagawa kwa umbo la umoja na wingi. Mtume akakaa pamoja na mti, maana wingi wake ni mitume, kama miti. Kisha wakayagawa upya kwa upatanisho wa kitenzi. Mtume akahama mara moja, kwa kuwa mitume wamefika, hali miti imeanguka. Waziri akaachana na ua. Kiboko ndiye aliyezua mjadala mkali: yule wa mtoni amezama, na kile cha kuchapia kimekatika. Neno moja lilihitaji kuandikwa mara mbili, na wanafunzi wa nyuma, ambao kwa kawaida sarufi iliwachosha, walisimama kutetea hoja zao.

Hapo ndipo alipowarudisha kwenye vyombo vya baharini. Mwanafunzi mmoja alikuwa amevigawa katika vyombo vya tanga, vyombo vya mbao na vyombo vya uvuvi. Yanasikika kama makundi matatu, lakini mashua ya mbao inayotwekwa tanga na kwenda kuvua inaingia katika yote. Vigezo vitatu vilikuwa vimechanganywa: kinachokisukuma chombo, kilichokiunda, na kazi yake. Akamtaka achague kimoja. Yule mwanafunzi akachagua uundaji, na insha ikabadilika kabisa. Upande mmoja vikaja vyombo vya gogo lililochongwa: mtumbwi mtupu, kisha ngalawa, ambayo gogo lake, mara nyingi la mwembe, huongezewa mbao pande mbili ili isipinduke. Upande wa pili vikaja vya mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma, mashua na jahazi. Upande wa tatu vikaja vya chuma, feri ikiwemo. Sasa kila aya ilikuwa na la kusema kuhusu jirani yake, kwa sababu zote zilijibu swali moja.

Somo la masalia, yaani vile visivyoingia sawasawa katika kundi lolote, lilichukua muda zaidi, na mwandishi anaamini ndilo linalopuuzwa kupita yote. Hata upatanisho hauzimalizi nomino. Kitenzi kinamweka rafiki katika A-WA, "rafiki amefika", ilhali kimilikishi kinamvuta I-ZI, "rafiki yangu", "rafiki zangu". Ndugu naye ni hivyohivyo, na huko Pwani utasikia "mbuzi zangu wamepotea" kila siku. Zamani mambo haya yangefichwa ili insha ionekane nadhifu. Siku hizi anawataka wanafunzi wayaandikie aya nzima: yataje, eleza kigezo kimeshindwa wapi, amua utayaweka wapi na kwa sababu gani.

Yule aliyeandika kuhusu vyombo alikutana na salio lake alipotaka kuigeuza insha yake, safari hii avigawe kwa kinachovisukuma: kasia, tanga au mashine. Majahazi mengi sasa yana tanga na mashine pia. Aliandika mwanzoni kabisa kwamba atahesabu nguvu inayotumika chombo kikiwa safarini upepo ukiwa mzuri, akaliweka jahazi kwenye tanga, kisha akaeleza katika sentensi mbili kwamba siku ya shwari lingehamia kundi jingine.