Kisu Kabla ya Gari

Tangu tumzike kaka yangu mkubwa, wanawe na wanangu wamekuwa wakiniuliza ni nani hasa aliyeijenga biashara yetu ya matunda. Wana haki ya kuuliza, kwa kuwa mashamba ya Kasulu, kitalu cha Kibondo na magari sasa viko mikononi mwao. Jibu la kaka wanalijua, maana hakuchoka kulitoa: biashara ilijengwa na gari. Mimi nasema ilijengwa na kisu cha kubebeshea miche. Tulibishana hivyo tangu ujana hadi alipolala kitandani, na msimamo wangu ni uleule.

Baba alikuwa manamba. Enzi za mkoloni Waha walitoka Buha kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga, wakiandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba, na kupakiwa treni. Wengi walirudi na baiskeli, mablanketi na fedha za kununulia ng'ombe. Baba alirudi pia na ufundi. Siku zake za mapumziko alizimalizia Muheza, kwa mzee mmoja wa Kibondei aliyekuwa na shamba la machungwa, naye ndiye aliyemfundisha kubebesha. Bei ya mkonge ilipoanza kuporomoka mwaka 1964, baba alirejea Heru Juu na miche michache ya michungwa ndani ya makopo. Operesheni Vijiji ilipotushusha kutoka mlimani miaka ya 1970, alikuwa akipanda kilima alfajiri kwenda kuipalilia. Mimi nilimaliza darasa la saba, nikashika kisu. Kaka alishika baiskeli, akawa anapeleka matunda ya mama soko la Kasulu.

Kazi yenyewe ni hii. Unaotesha mbegu za limau kali. Shina likifika unene wa kalamu, unangoja mvua, wakati ganda linapobanduka bila kung'ang'ania mti. Unalichana kwa umbo la T, unapachika jicho la mchungwa uliouchagua kwa utamu wake, unafunga kwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki tatu hivi unafungua. Jicho likiwa bado kijani limeshika, na sasa unakata kichwa cha limau ili nguvu zote ziende kwenye chungwa.

Baba hakuwa na mzaha kuhusu urefu. Chale ikae shubiri moja juu ya udongo, si chini ya hapo. Ganda la mchungwa likigusa udongo wenye maji huoza. Utaona gundi ikichuruzika shinani, majani yanageuka manjano, na mti unakufa ukiwa umebeba. Mche wa namna hiyo hupendeza kitaluni, kwa hiyo wauzaji wenye haraka huupenda. Kaka aliwahi kununua mzigo mzima wa aina hiyo kwa mfanyabiashara wa barabarani, kwa sababu alitaka shamba jipya kabla ya masika. Shamba lile leo ni la mihogo.

Hata hivyo nampa haki yake. Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa, Warundi walivuka mpaka wakajaa wilaya zetu. Kambi zikafunguliwa, Mtabila ikiwemo, na mwaka 1996 Nyarugusu ikapokea Wakongomani. Watu waliokuwa wakila mgao wa mahindi na maharage walitamani tunda, na kaka alikuwa ameshanunua pikapu. Alifunika kreti kwa majani makavu ya migomba, akasafiri usiku ili parachichi lisiungue na jua. Alianzia Makere, akaenda Kibondo, kisha Kigoma mjini, karibu kilomita 100 za vumbi kutoka Kasulu enzi zile. Alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, chungwa lililo mtini halina bei." Ni kweli, halina.

Lakini magari yalikuwa mengi miaka ile. Kambi zilipoanza kupungua, na Mtabila ikafungwa mwishoni mwa 2012, wengi waliotegemea wateja wa kambini waliuza magari yao. Sisi tulibaki barabarani kwa sababu wateja wa Kigoma na Mwanza walikuwa wakiagiza kwa simu, bila kuliona tunda. Mtu haagizi hivyo mpaka awe na hakika kwamba tunda la chini ya tenga ni sawa na la juu yake. Miti ya mbegu haiwezi kumpa hakika hiyo: mmoja huweza kuwa mtamu, jirani yake mkali, wa tatu ukawa na kokwa tupu. Miti iliyobebeshwa kutoka mchungwa mmoja huzaa tunda moja, na baridi ya usiku ya huku kwetu hulipa ngozi ya manjano ambayo machungwa ya pwani huikosa. Kaka aliposema chungwa la mtini halina bei, nilikuwa nikimjibu, "Na tenga la kubahatisha, kaka, huuzwa mara moja tu."

Sasa vijana wanakimbilia parachichi la Hass, na hapo ndipo moyo unaniuma. Mti wa kwanza wa Hass uliota California, shambani kwa tarishi wa posta aliyeitwa Rudolph Hass, naye akausajili mwaka 1935. Kila mti wa Hass wa kweli duniani umebebeshwa kutoka ukoo wa mti ule. Panda mbegu ya Hass, utapata parachichi la namna yoyote ile. Lakini kando ya barabara zetu mbegu hizo zinaoteshwa kwenye viriba na kuuzwa kwa jina hilo na kwa bei hiyo. Mkulima hungoja miaka mingi, mti unazaa, mnunuzi anakataa. Kabla hujatoa fedha, papasa shina. Ukikosa kovu la kiungo, rudisha mche. Ukiliona limezama udongoni, rudisha. Na muulize muuzaji vikonyo vimetoka mti gani. Asiyeweza kukuonyesha mti mama hana cha kukuuzia.

Wanangu na wana wa kaka wameniomba niidhinishe mkopo wa Fuso la pili. Nimekubali, kwa sharti moja lililoandikwa kwenye daftari la familia: atakayepewa ufunguo awe amebebesha safu yake mwenyewe na kuitunza mpaka ikazaa. Mmoja wao amelalamika kwamba hiyo ni miaka mitatu au minne. Ndiyo, ni miaka hiyo. Masika haya kitalu cha Kibondo kina miche ya limau iliyofika unene wa kalamu, na visu nimeshavinoa.